Norbert Watatu na Ng'ombe Mmoja

Itangazwe kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wa mji wa Marl Lake na mashamba yake yote ya mahindi, kwamba nyumba ya Wanta ya Mtaa wa Pili haijawahi kutoa mhalifu hata mmoja tangu babu wa babu yao aliposhuka kwenye treni akiwa na kodiani moja na pua iliyoganda kwa baridi. Ni watu wa heshima hawa. Hurudisha troli za dukani mahali pake hata mvua ikinyesha. Huwavusha wazee barabara, hata wazee ambao hawakutaka kuvuka.

Tangazo hili lilikuwa la kweli mpaka Jumatano asubuhi, wakati Chuo cha Ashgrove kilipomwambia Norbert Wanta kwamba aliiba ng'ombe.

Mimi ni msimulizi tu. Sina undugu na watu hawa. Ninayajua mambo yao yote kwa sababu ndiyo kazi ya wasimulizi, kujua yote, kama Mungu asiye na ndevu. Basi tusiulizane nimejuaje.

Katika nyumba hii kila mwanamume huitwa Norbert Wanta. Kuna Norbert babu, mwenye miaka themanini na moja, mfugaji aliyestaafu; sikio lake moja limekufa na la pili husikia linachopenda. Kuna Norbert wa kati, mwanawe, aliyekuwa dereva wa mashine za kunyanyulia mizigo kwenye kiwanda cha karatasi mpaka kiwanda kilipofungwa. Halafu kuna Norbert wa Tatu, mwenye miaka kumi na sita, anayesoma kwa ufadhili katika shule ya bweni ya mapadri, na ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo ya Kwaresima. Huyu wa Tatu ni kijana mwenye kipaji, mtanashati, na mnyenyekevu kupita kiasi. Historia itamtendea haki.

Majina matatu yanayofanana, sanduku moja la barua. Barua ya Norbert Wanta hufunguliwa na Norbert aliyeamka mapema. Desturi hii haikuwa imeleta madhara makubwa, ila mara moja babu alikwenda kwa daktari wa meno kwa miadi ya mjukuu wake, akarudi na mswaki wa bure wenye picha ya dubu. Anautumia hadi leo.

*

Norbert wa kati alikwenda chuoni amevaa koti lake la mazishi, ambalo pia ndilo koti lake la harusi. Kazi alikuwa ameshaahidiwa: kuendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa mpira wa magongo wa chuo. Mshahara ulikuwa wa kawaida, lakini kazi ilikuja na bima ya afya ya nyumba nzima, na mkewe, Delphine, alikuwa na nyonga iliyokwisha kabisa. Daktari alisema ibadilishwe. Delphine alisema, kwa hela gani? Kwa hiyo kila alipoteremka ngazi asubuhi, nyumba nzima ilisikia kila hatua.

Ofisi ya ajira ilikuwa na zulia jeupe. Bi Maribeth Tollefson, mkuu wa ofisi, alikuwa mama mpole mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza redio.

"Karibu, Bwana Wanta. Kahawa?"

"Asante, nimeshakunywa." Hakuwa amekunywa. Aliogopa lile zulia.

"Kuna jambo dogo tu."

Norbert alijikaza. Mkutano wa kufunga kiwanda ulianza na maneno hayohayo.

"Kila tunayemwajiri hapa, awe profesa au mfagiaji, jina lake tunalipeleka kwa kampuni inayochunguza kama ana kesi. Ni utaratibu. Na wewe kwenye fomu umeandika huna."

"Sina."

"Una ng'ombe."

"Tuliwauza wote baba alipostaafu."

"Si wa namna hiyo, Bwana Wanta." Akavaa miwani, akasoma. Kwamba Oktoba iliyopita, Norbert Wanta wa Mtaa wa Pili alichukua bila ruhusa sanamu ya ng'ombe, jina lake Geraldine, kutoka mbele ya duka la jibini. Kwamba aliingia eneo la chuo bila ruhusa. Kwamba alimweka Geraldine juu ya paa la nyumba ya mkuu wa chuo, akiwa amevalishwa kofia ya mahafali. Kwamba alikiri kosa kwa posta na faini ikalipwa.

Norbert aliangalia ukutani. Palikuwa na kalenda ya chuo, na picha ya mwezi ule ilikuwa paa, na juu ya paa alikuwapo ng'ombe mwenye kofia, akiangalia mbali kama msomi.

"Ni huyo?"

"Ndiye."

"Mbona mmemweka kwenye kalenda?"

"Hiyo ni ofisi ya mawasiliano," alisema Bi Tollefson. "Sisi ni ofisi ya ajira."

Halafu akainamisha kichwa. "Niambie kitu. Wachunguzi hawakupata tarehe ya kuzaliwa. Wamepata jina na anwani tu. Pale nyumbani hakuna Norbert Wanta mwingine? Kama si wewe, niambie ni nani, nibadilishe hili jalada, na Jumatatu uanze kazi."

Norbert si mtu wa kuelewa mambo haraka, lakini hili alilielewa kabla mama yule hajafunga mdomo. Oktoba yeye alikuwa hospitali, amepasuliwa ngiri. Na Oktoba hiyohiyo mwanawe alikuja nyumbani siku mbili, akaazima ngazi, kamba na gari, akasema ni mradi wa fizikia.

"Ni nani watakaokaa kuliamua hilo jambo?" aliuliza polepole.

"Kikao cha watu watatu. Mimi, Bwana Gullickson wa ulinzi, na Profesa Leidel wa somo la maadili."

Profesa Leidel alikuwa pia mwenyekiti wa bodi ya ufadhili ya shule ya mapadri. Kanuni ya kwanza ya bodi hiyo, iliyobandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha wageni, ilisema mwanafunzi mwenye kesi yoyote apoteze ufadhili siku hiyohiyo.

"Na tuseme ni mimi," alisema Norbert. "Nimeshaharibikiwa?"

"Si lazima. Kosa lenyewe ni dogo. Watu husamehewa wakieleza ukweli wote na wakionyesha kujuta. Tatizo ni kwamba uliandika huna. Hapa tunaweza kumsamehe mwizi, Bwana Wanta. Mwongo hatumsamehi."

"Mtu hawezi kusahau?"

"Kumsahau ng'ombe juu ya paa?" Bi Tollefson alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Hilo watakuuliza Jumanne."

*

Jikoni, Delphine alikuwa amekaa kwenye stuli ndefu, akimenya viazi kana kwamba vimemtukana.

"Waambie si wewe! Ulikuwa umelala hospitali, umeshonwa tumbo kama soseji. Vyeti si vipo?"

"Nikisema si mimi, watauliza ni nani."

"Waulize!"

"Delphine, Leidel atakuwa pale."

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea, polepole zaidi. "Huyo mtoto nitamkaanga pamoja na hivi viazi."

Babu, aliyekuwa akicheza karata peke yake na kujiibia, aliinua kichwa. "Ng'ombe gani?"

"Wa duka la jibini, baba!" alipaza sauti Norbert wa kati. "Geraldine!"

"Aaa, Geraldine. Nilimweka mimi."

Wote wawili walimgeukia.

"Mzee," alisema Delphine, "una miaka themanini na moja."

"Ndiyo uzuri wake. Watanifanya nini? Wataninyima kazi?"

Delphine alitafakari. Usoni ilionekana wazi kwamba wazo halikumchukiza. Lakini mumewe alitikisa kichwa. "Siwapelekei baba yangu wamcheke. Na mtoto simtaji. Jina nilimpa mimi, na mimi nilipewa na huyu mzee. Leo siwezi kulikata vipande, niseme kilichooza ni chako, kizima ni changu."

"Maneno mazuri hayo. Na nyonga yangu je, nayo inaitwa Norbert?"

Alikwenda akasimama nyuma yake, akachukua kisu mkononi mwake, akaendelea kumenya yeye. Alimenya vibaya. Delphine alimwacha.

Norbert wa Tatu alikuwa ngazini muda wote huo, akisoma kitabu alichokishika kichwa chini miguu juu. Alikuwa ameshatayarisha utetezi wenye sehemu tatu: kwanza, kukana, pili, kushangaa, tatu, kuumia moyoni kwa kushukiwa. Ulikuwa utetezi wa hali ya juu. Alisubiri aitwe. Wazazi wake walimaliza viazi, wakavichemsha, wakala. Walimwita kula tu. Baba yake alimpitishia siagi, akamuuliza kama shuleni bado wanawapa supu ya kabichi.

*

Ijumaa ya Kwaresima, Marl Lake yote hula samaki wa kukaanga kwenye baa ya Zastrow, na anayekaanga ni Delphine. Jioni ile foleni ilifika mlangoni. Habari za ng'ombe zilikuwa zimefika kabla ya akina Wanta, maana katika mji huu siri ya ofisini huishi muda sawa na theluji ya Mei.

"Mooo," alisema Verlyn, mwenzake Norbert wa zamani kiwandani, alipomwona akibeba sahani kumpunguzia mkewe safari. Meza mbili zikacheka.

"Kabichi yako hii, Verlyn."

"Weka hapo, mwizi wa mifugo. Na usiondoke na kiti."

Norbert alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alirudi jikoni, akachukua sahani nyingine. "Mooo," meza ya dirishani ikaitikia, na mtoto mdogo akaanza kulia akitaka kumwona ng'ombe.

Kwenye kaunta, babu alikuwa na glasi yake ya brandi na soda, ya tatu, na ameshafika katikati ya hadithi. "Kamba ya katani," alikuwa akisema, "na mafundo ya wafugaji. Nilimpeleka polepole. Ng'ombe ukimharakisha anakataa."

"Ulimpeleka wewe, Mzee Norb?" Sauti ilikuwa ya Duane Gullickson, mkuu wa ulinzi wa chuo, jitu jekundu lenye funguo nyingi kiunoni. "Mpaka paani?"

"Kwa ngazi."

"Mzee, Jumapili nilikushika mkono kupanda ngazi ya kanisa. Ina vidato viwili."

Baa nzima ilivunjika mbavu. Babu, ambaye sikio lake zima halikuwa limechagua kusikia hilo, aliwaangalia akitabasamu, halafu akaona sura zao, halafu tabasamu likaanza kumtoka polepole. Alianza kutafuta fimbo yake chini ya stuli.

"Mwacheni mzee," alisema Norbert wa kati. Alikuwa na sahani tatu mkononi. "Ni mimi."

Mafuta yakasikika yakichemka jikoni.

"Wewe?" aliuliza Gullickson.

"Mimi."

Delphine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika kikapu cha samaki kinachodondosha mafuta. Verlyn ndiye aliyenyanyuka, akampiga Norbert mgongoni mpaka kabichi ikaruka. "Jamani! Huyu bwana tumefanya naye kazi miaka yote, nilidhani hajui hata kupiga miluzi! Zastrow, mpe brandi, kwa hesabu yangu!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe mtu kumnunulia Norbert kinywaji bila kumhurumia. Watu walimjia, wakamshika mkono, wakauliza aliwezaje. Alijibu "aa, basi tu," na hilo likachukuliwa kuwa ni unyenyekevu.

Kwenye meza ya kona, Norbert wa Tatu alikuwa na sahani ya vipande vya jibini vya kukaanga, na havikumezeka. Nitasema ukweli wa kijana huyu: kilichomjia kwanza kilikuwa wivu. Alikuwa amemtengenezea Geraldine ile kofia kwa mikono yake, kwa boksi la pizza na rangi ya viatu, na sasa sifa zote zilikwenda kwa mtu mwingine. Aibu ilikuja baadaye. Ilichelewa, kama kawaida yake.

*

Jumanne familia yote ilikwenda chuoni. Babu, Delphine na kijana walikaa kwenye benchi la ukumbini. Babu akasinzia mara moja. Norbert wa kati aliingia amevaa koti la mazishi. Mlango wa chumba kile haujifungi vizuri, jambo ambalo msimulizi yeyote angelishukuru.

"Tuambie kwa maneno yako mwenyewe," alisema Profesa Leidel, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuungamisha watu. "Kwa nini?"

Norbert alikuwa amefanya mazoezi bafuni siku tatu. "Najuta sana," alisema. "Kwa mkuu wa chuo, kwa mwenye duka, na kwa... kwa Geraldine."

"Na kwenye fomu?"

"Nilidhani faini ya mji si kesi. Nilidhani kesi ni ile ya kupigwa pingu."

Bi Tollefson aliandika kitu. Ilionekana kama kitu kizuri. Nje, Delphine alishika ukingo wa benchi.

"Ulimpandishaje mpaka juu?" aliuliza Gullickson.

"Kwa kamba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mzito?"

"Mzito sana," alisema Norbert, ambaye alikulia na ng'ombe na hakutaka kuonekana hawajui. "Ng'ombe wa umri ule hapungui kilo mia tano."

Gullickson aliangalia dari kidogo. "Bwana Wanta, Geraldine ni plastiki. Ndani mtupu. Nilimshusha mimi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimeshika kahawa."

Hakuna aliyecheka. Gullickson alifungua mfuko wa karatasi, akatoa kofia ya sufu ya buluu, akaiweka mezani. "Hii niliikuta paani, na ndiyo iliyowapa polisi jina. Ndani imeshonwa kitambaa: N. Wanta, themanini na nane. Ni yako?"

"Yangu."

"Themanini na nane ni nini?"

Norbert alifikiria sekunde moja tu. "Mwaka niliomaliza shule."

Lilikuwa jibu zuri! Profesa aliitikia kwa kichwa. Hata kijana benchini, bingwa wa fani hiyo, alivutiwa.

"Ivae," alisema Gullickson, kwa upole.

Norbert aliichukua. Aliiweka kichwani, nayo ikakaa utosini kama ganda la yai. Akaivuta kwa mikono miwili. Nyuzi zikalia. Akaivuta tena mpaka ikafika nusu ya masikio, na akabaki ameketi hivyo, mikono magotini, koti la mazishi, kofia ya mtoto, akiwaangalia usoni mmoja mmoja.

"Imeingia maji," alisema. "Zamani ilikuwa kubwa."

Bi Tollefson aliweka kalamu chini. "Bwana Wanta. Nilikuambia ni kitu gani hatusamehi."

Kwenye benchi, Delphine hakugeuza shingo. Aliongea akiangalia ukuta wa mbele. "Ile nambari niliishona mimi. Ni ya dobi wa shule ya mapadri, ili nguo zisipotee. Nilijichoma sindano mpaka nikatukana."

"Mama..."

"Sijasema kitu, Norbert. Nimesema nilishona."

Hapa msimulizi alikuwa amepanga kuwaletea aya ndefu kuhusu hali ya hewa. Sina. Niliwaambia sina undugu na watu hawa. Ule ulikuwa uongo, na ule unyenyekevu wa yule kijana nao ulikuwa uongo, ila utanashati naomba ubaki. Ile barua ya polisi ilipofika, mimi ndiye Norbert niliyeamka mapema. Niliifungua, nikakiri kwa jina letu, nikalipa kwa hela za kuzoa theluji, na nikajiona nina akili sana. Ya ofisini alinisimulia baba baadaye; ninajua yote yaliyosemwa jikoni kwa sababu nilikuwa ngazini, na yaliyosemwa kwenye baa kwa sababu nilikuwa kwenye kona, na sasa nilikuwa kwenye benchi, masikio yangu yana baridi kwa kukosa kofia.

Nilisukuma mlango.

"Rudi nje," alisema baba. Hakuwahi kuniamuru kwa sauti ndogo vile. "Rudi nje ukakae na mama yako."

Profesa Leidel aliniangalia juu ya miwani. Alinijua. Desemba alinipa zawadi ya nidhamu, kitabu kinene, na tulipigwa picha tukishikana mikono. Nilimwona akianza kuelewa, na nikaona hakufurahi.

Bi Tollefson aliinamisha kichwa. "Na wewe kijana ni nani?"

"Norbert Wanta."

Aliangalia karatasi yake. Alimwangalia baba. Aliangalia mlangoni, ambako babu alikuwa akikoroma.

"Norbert Wanta yupi?"

Niliivua ile kofia kichwani kwa baba yangu. Ilikuwa imebana, ikabidi niivute, na ilipotoka nywele zake zilisimama wima.

"Yule wa ng'ombe," nikasema.